Mrejesho: mbwa wetu aliyeanguka kutoka roshani

Nawashukuru nyote mliojibu nilipouliza kama mbwa wetu, aliyeanguka kutoka roshani na kuvunjika nyonga, angeweza kupona bila mateso ya muda mrefu, na namna ya kuishi na kumbukumbu ya ajali ile.

Yu hai. Daktari wa mifugo alichunguza mapafu kabla ya kushughulikia mifupa, kwa sababu mapafu yaliyochubuka huweza kuharibika zaidi saa kadhaa baada ya ajali, hata mnyama anapoonekana ametulia. Upasuaji ulisubiri hadi alipoanza kupumua vizuri. Aliyetuonya tusimpe ibuprofen wala paracetamol za binadamu, kwa kuwa huweza kuwa sumu kwa mbwa, ninamshukuru kwa namna ya pekee, maana jirani mmoja alikuwa amekwisha kuzipendekeza.

Sasa yumo kizimbani, na hutolewa kwa muda mfupi tu kwenda haja, akiinuliwa kwa taulo lililopitishwa chini ya tumbo. Kwangu mimi, huu ndio wakati mgumu kuliko hata siku ya upasuaji, kwani yeye haelewi kwa nini amekatazwa kuruka.

Kishindo kile bado hunirudia usiku, ingawa ratiba ya dawa hunipa la kufanya. Ushauri wa kuwaeleza watoto waziwazi kwamba huenda akachechemea daima ulitufaa kuliko mwingine wote. Roshani imewekwa wavu, na eksirei nyingine itapigwa kabla hajaruhusiwa kutembea kwa uhuru.