Nina Parkinson nikiwa na umri wa miaka 49: nijiuzulu, au ningoje kustaafishwa?

Mtunza Vitabu, Nakuru

Wanabaraza wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kibinafsi hapa Nakuru, na nimeitumikia kwa miaka 17. Mwezi wa pili mwaka huu daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliniambia kwamba nina ugonjwa wa Parkinson. Sikwenda kwake kwa sababu ya kutetemeka, maana hata leo mkono wangu hautetemeki sana. Nilikwenda kwa sababu ya hundi. Mimi ni mmoja wa watu wawili wanaotia sahihi hundi za kampuni, na mwaka jana benki ilianza kuzirudisha, ikisema kwamba sahihi yangu hailingani na ile waliyo nayo. Mkurugenzi alidhani kuna mtu anayeghushi. Nilipozipanga nakala za hundi za miaka mitatu juu ya meza, niliona jina langu likipungua mwaka hadi mwaka, mpaka katika zile za karibuni herufi ya kwanza ilikuwa ndiyo pekee inayosomeka na nyingine zote zimekuwa kijistari.

Daktari alinitazama nikitembea ukumbini, akaniagiza nigonganishe kidole gumba na cha shahada mara nyingi kwa haraka, akauliza kama bado nasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa. Nina kama miaka minne sijaisikia, na muda huo wote nilidhani ni mafua. Alinieleza kwamba picha ya MRI ilikuwa ya kuondoa shaka ya magonjwa mengine tu, kwa kuwa huu wangu hutambuliwa kwa kumkagua mgonjwa mwenyewe. Sasa natumia levodopa mara tatu kwa siku. Asubuhi nafanya kazi vizuri. Ikifika saa tisa alasiri, dawa ikiisha nguvu, vidole vinakuwa kana kwamba nimevaa glavu za mjenzi. Kufunga hesabu za mwezi, kazi niliyoimaliza kwa siku mbili, sasa hunichukua siku sita.

Wiki iliyopita afisa wa wafanyakazi aliniita na kunishauri, kwa upole, niandike barua ya kujiuzulu, ili kampuni inilipe mshahara wa miezi mitatu kama shukrani. Barua nimekwisha kuichapa. Nina mkopo wa sacco, watoto wawili wa sekondari na mmoja chuoni. Naomba aliyepitia njia hii anieleze: nikiondoka namna hiyo, kuna malipo yoyote ya ulemavu ninayoweza kudai?

Karani Mstaafu, Kisumu

Ndugu yangu, pole sana. Barua hiyo usiipeleke.

Nilitumikia masjala ya Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi kwa miaka mingi, na faili zilizonisikitisha zaidi ni za watu waliojiuzulu kwa adabu. Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kutojiweza kimwili analazimika, chini ya kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kumweleza sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na kumsikiliza kabla ya kuamua. Ukijiuzulu, unamtua mzigo huo wote, na ukienda kulalamika baadaye utaulizwa swali moja tu: nani alikufukuza?

Mwombe afisa huyo ayaandike aliyokuambia. Kisha wewe nawe uandike barua nyingine, ukiambatisha ripoti ya daktari, uombe marekebisho yanayowezekana: kazi nzito ipangwe asubuhi, sahihi za hundi apewe mwingine, na saa za alasiri zipunguzwe. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inamtaka mwajiri afanye marekebisho ya namna hiyo pale yanapowezekana. Yakijaribiwa yakashindikana, hapo ndipo mnazungumza kuhusu kustaafu kwa sababu za kiafya. Likizo ya ugonjwa usiitegemee sana, kwa maana sheria inahakikisha siku 7 tu za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, ingawa mkataba wako unaweza kuwa na zaidi.

Nafula, Bungoma

Kaka, naunga mkono aliyoyasema mzee wetu wa Kisumu, na naongeza upande wa fedha kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Je, kampuni yenu ina hazina ya pensheni? Kama ipo, omba nakala ya kanuni zake na utafute ukurasa unaohusu kustaafu kwa sababu za kiafya. Kwa kawaida anayejiuzulu kabla ya umri hupewa sehemu ya akiba yake, na sehemu nyingine hufungwa hadi afikie umri wa kustaafu. Aliyestaafishwa kwa afya, baada ya madaktari kuthibitisha kwamba hawezi tena kazi, hulipwa bila kungoja umri huo. Wadhamini wa hazina husoma kilichoandikwa kwenye barua ya kuondoka, na barua yako imeandikwa kujiuzulu.

NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo ina malipo ya ulemavu kwa mwanachama aliyethibitishwa kuwa na ulemavu wa kudumu unaomzuia kufanya kazi ya kujipatia riziki. Uliza pia kama kampuni iliwakatia bima ya maisha ya kikundi, na kama ndani yake kuna kifungu cha ulemavu wa kudumu, kwa sababu bima ya aina hiyo huwa inakoma siku ajira inapokoma. Vivyo hivyo sacco: mikopo mingi imewekewa bima ya kifo na ulemavu wa kudumu, lakini hakuna atakayekuja kukuambia.

Jambo la mwisho ndilo watu hulikosea zaidi. Jiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu sasa, ukiwa bado unalipwa. Ukishapata kadi unaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato, ambacho huondoa kodi ya mapato katika shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Nimewaona wengi wakihangaikia kadi hiyo baada ya kuacha kazi, wakati hakuna tena mshahara wa kusamehewa.

Kijana wa Njoro

Pole, mzee. Kuna pia pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa wenye ulemavu, shilingi 2,000 kwa mwezi. Huenda zikakusaidia.

Nafula, Bungoma

Hizo, ndugu yangu, ni za kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa wakati wote. Mhasibu anayekwenda kazini mwenyewe asizipigie hesabu.

Mama Daraja, Kakamega

Shemeji, mimi sikubaliani kabisa na hao wawili, ingawa sheria wanaijua kunishinda. Mume wangu ana ugonjwa huo huo kwa mwaka wa tisa sasa. Aliambiwa asiondoke, akang'ang'ania, na katika mwaka huo mmoja alipewa barua tatu za onyo kwa uzembe na mtu ambaye alikuwa akila nyumbani kwetu. Fedha alizipata, ndiyo, lakini alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Kwa hiyo pigania haki yako, lakini jiwekee tarehe ya mwisho moyoni, na mke wako aijue.

Mengine ni ya nyumbani. Levodopa haipatani na nyama wala maharagwe tumboni; sisi tulikuwa tukilaumu dawa kuwa ni bandia, kumbe alikuwa akiimeza pamoja na githeri. Muulize daktari wako kuhusu kuimeza nusu saa au zaidi kabla ya chakula. Na ukiacha mshahara, mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, hautakatwa tena wenyewe, kwa hiyo hakikisha umelipa kama mtu asiye na ajira, usije ukakuta umekatika siku unayouhitaji.

Mtunza Vitabu, Nakuru

Nawashukuru nyote. Barua nimeitoa kwenye mkoba na kuifungia kabatini. Mkutano na afisa ni Jumatatu ijayo, na nimemchagua mwenzangu wa bohari aketi nami.

Lakini kuna jambo linalonikwama kooni. Nilifika katika hospitali ya serikali niliyoelekezwa kwa tathmini ya ulemavu, ili niipate ile kadi, nikakaa kwenye benchi kati ya kijana aliyekatwa mguu na mama aliyembeba mtoto asiyeweza kukaa, nikaona haya. Mimi nilishuka matatu kwa miguu yangu. Ilikuwa saa nne asubuhi, dawa ikiwa imeshika. Niliondoka kabla jina langu halijaitwa. Je, madaktari wa tathmini wataniamini kweli?

Mama Daraja, Kakamega

Shemeji, rudi. Mume wangu naye alitoroka mara ya kwanza, tena akanidanganya kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Ugonjwa huu una saa zake, na jopo la madaktari litakuona kwa dakika chache tu. Usiigize lolote, wala usiache dawa ili uonekane mbaya, kwa maana kuiacha ghafla kuna hatari. Badala yake chukua daftari, na kwa wiki mbili uandike kila siku: saa uliyomeza dawa, saa iliyoanza kufanya kazi, saa iliyoisha, na jambo uliloshindwa kulifanya wakati huo. Vifungo vya shati, kuchanganya chai, kuandika. Wape daftari pamoja na barua ya daktari bingwa. Yule mama na yule kijana hujawanyang'anya chochote.

Karani Mstaafu, Kisumu

Na nakala za zile hundi zilizorudishwa uziambatishe. Sijawahi kuona ushahidi unaojieleza kama huo, na una tarehe.

Mtunza Vitabu, Nakuru

Nimepangiwa tena Jumanne ya wiki ya tatu. Benki yangu mwenyewe nimeipitia pia, ili malipo yakija yasikwame: nilitia sahihi mara tatu mbele ya karani, hazikufanana hata mbili, na mwishowe tukakubaliana nitumie alama ya kidole gumba. Daftari nimelianza. Siku ya nne mke wangu alijaribu kulisoma akashindwa, kwa hiyo sasa nataja saa na yeye ndiye anayeandika. Je, jopo litakubali mwandiko wa mtu mwingine?

Mama Daraja, Kakamega

Watakubali. Lakini zile kurasa za siku tatu za mwanzo usizichane.