Kutetea korongo bila kinara: waanaki wana la kutufundisha?

Korongo Kavu

Wakuu salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoyajua haya mambo kwa undani.

Upande wa Chamwino kuna makorongo (mito ya mchanga isiyo na maji juu kiangazi) ambayo vijiji hunywa humo kiangazi kizima kwa kuchimba visima vya mchanga. Tangu ujenzi wa Dodoma ushike kasi, matipa yanazoa mchanga huo huo usiku na mchana. Visima vinazidi kwenda chini na kingo zinaporomoka. Malalamiko yamepelekwa kila ngazi, na kila mara mwisho ni ule ule: anayesimama mbele kuongea anaitwa pembeni, wiki haijaisha amenyamaza. Au anaitwa mchochezi, na waliokuwa nyuma yake wanatawanyika.

Vijana kadhaa wamesoma kuhusu uanaki, yaani msimamo kwamba watu wanaweza kujipanga wenyewe bila watawala juu yao, na wanasema harakati nyingi za mazingira za Ulaya na Marekani zimechota huko. Nauliza: harakati inaendeshwaje bila kinara na isivurugike? Hiyo "hatua ya moja kwa moja" wanayoitaja, kwa korongo ina maana gani, kufunga njia tu? Na je, inaingia vipi kwetu, ambako kijiji tayari kina serikali yake kisheria?

Mgunga Mweupe

Ndugu Korongo, nianze na swali la mwisho, maana ndilo linabeba mengine.

Waanaki hawapingi mpangilio. Wanachopinga ni amri ya wachache juu ya wengi. Aliyeifunga hoja hiyo na mazingira kwa uwazi kuliko wote ni Murray Bookchin, Mmarekani aliyefariki mwaka 2006. Alisema fikra ya kuitawala ardhi ilizaliwa na watu kutawaliana wao kwa wao, kwa hiyo hakuna kuuponya mto huku uamuzi wa mto umebaki kwa watu watatu. Alichopendekeza ni mkutano wa wakazi wote uwe na kauli ya mwisho, kisha mikutano ya maeneo jirani iunganishwe na wajumbe ambao waliowatuma wanaweza kuwaondoa wakati wowote.

Sasa angalia tulicho nacho mkononi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 inaufanya kuwa chombo cha juu cha sera katika kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Chombo kipo. Uhai ndio haupo: mkutano hauitishwi kila robo mwaka, muhtasari unaandikwa ofisini, mahudhurio yanajazwa majina ya watu waliokuwa shambani siku hiyo. Ombeni kuona muhtasari wa siku njia ya matipa ilipokubaliwa. Mkikuta saini 140 za mwandiko mmoja, kazi yenu ya kwanza mmeipata, na haihitaji kumfungia mtu njia.

Mkoa huu una historia ndefu ya mazingira kuamuliwa na walio mbali. Kongwa ililimwa kwa matrekta ya Waingereza kuanzia 1947 kwa ajili ya karanga. Udongo ukawa mgumu kiangazi, mvua haikutosha, mpango ukafa 1951. Kondoa ikaletewa HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi kweli, lazima tuseme ukweli, lakini gharama ilibebwa na wafugaji waliohamishwa, na uamuzi haukuwa wao.

Upande wa pili kuna Duru-Haitemba kule Babati na Mgori kule Singida, miaka ya 1990. Serikali ilikuwa njiani kuifanya misitu hiyo hifadhi yake. Wanavijiji wakasema tuachieni, tutailinda. Wakagawana mipaka kijiji kwa kijiji, wakatunga sheria ndogo, wakaweka walinzi wao wenyewe. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, inayotambua msitu wa hifadhi wa kijiji, ilikuja baadaye. Watu walitangulia, sheria ikawafuata. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua ya moja kwa moja: kulishika lenyewe lile jambo mnalodai, mkaliendesha kwa kanuni zenu. Kufunga njia ni tawi dogo tu la mti huo.

Kuhusu kinara. Vikundi viwe vya watu 5 hadi 12 wanaofahamiana tayari; kwenu kisima kimoja kinaweza kuwa kikundi kimoja, kwa kuwa wanaochota pamoja wanajuana. Kila kikundi kinatuma mjumbe mmoja kwenye baraza la wajumbe. Mjumbe anabeba neno la kikundi chake na hana ruhusa ya kukubali jambo jipya papo hapo. Likizuka jipya, analirudisha kisimani. Anabadilishwa kila mwezi. Ofisini asiende mtu mmoja hata siku moja. Waende watatu wa visima tofauti, na jioni ile ile waeleze hadharani waliyoambiwa, pamoja na waliyopewa, hata kama ni soda na nauli. Huyo anayeitwa pembeni hawezi kununuliwa kama hana cha kuuza.

Hatari kubwa ya mpango huu ni kinara wa kificho. Mkisema hakuna kiongozi lakini kalamu, simu na funguo viko kwa mtu yule yule, mnaye kiongozi ambaye hamkumchagua na hamuwezi kumtoa. Kwa hiyo kazi ziandikwe kwa majina na tarehe ya kuziachia.

Fundi Pima Maji

Nichangie upande wa korongo lenyewe, kwa sababu mkutano usio na vipimo unaishia kwenye kelele.

Mchanga wa chembe kubwa ulioshiba maji hutoa takriban lita 200 hadi 300 kwa kila mita ya ujazo. Tipa la mita 10 linaondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 2,000 hadi 3,000. Matipa 20 kwa siku, kwa kadirio la katikati, ni lita 50,000, sawa na ndoo 2,500 za lita 20. Nafasi hiyo hairudi mpaka mafuriko yalete mchanga mwingine, na udongo laini ukitangulia kujaa humo, maji yake hayatoki. Halafu kuna jua: maji yakiwa sentimita 60 au zaidi chini ya uso wa mchanga, yanayopotea hewani ni kidogo sana. Mkiondoa tabaka la juu, mnayaanika.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba shimo husafiri. Mkichimba mita mbili hapa, mafuriko yajayo yanakula sakafu ya korongo kuelekea yanakotoka, yanachimbua kingo na nguzo za madaraja. Ndiyo maana kijiji cha juu kinaumia ingawa hakuna tipa lililokanyaga kwake.

Kupima: chagueni sehemu tatu, moja panapochimbwa, moja kama mita 200 juu yake, nyingine mita 200 chini. Kila sehemu pigeni kigingi kila upande, mita 5 nyuma ya ukingo. Kigingi cha ukingoni huondoka na mvua ya kwanza na vipimo vyote vinakufa. Tieni alama ya rangi kwenye mwamba au mti mkubwa jirani ili kigingi kikipotea kiweze kurudishwa. Vutani kamba ya fundi, isawazisheni kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani. Hakikisheni hauna kiputo cha hewa, kwani kiputo kimoja kinaharibu usawa na mtu hatajua. Kisha pimeni kutoka kambani hadi mchangani kila baada ya mita moja, andikeni. Rudieni Oktoba kabla ya mvua na Mei baada yake.

Visima vipimwe kwa kamba yenye jiwe, siku moja kila wiki, alfajiri kabla akina mama hawajaanza kuchota. Mkipima saa nne asubuhi mnapima uchotaji, hampimi kisima.

Matipa: kaunta buku, kalamu ya wino, watu wawili wa vitongoji tofauti, saa, upande linakoelekea, ukubwa, namba ya gari. Karatasi isichanwe, ukikosea, piga mstari mmoja uandike tena pembeni. Msisimamishe gari na msipige picha sura za wapakiaji.

Mtaa wa Kati

Hapo kwa wapakiaji ndipo ninapotaka tukae kidogo. Anayepakia mchanga kwa koleo analipwa kwa safari, na wengi ni watoto wa vijiji hivyo hivyo. Harakati ikianza kwa kuwaona adui, matajiri wa mchanga wanapata jeshi la bure. Wawe na kikundi chao ndani ya baraza, na swali la kwanza kwao liwe: mchanga upi unaweza kuzolewa bila kuua visima, na mwezi gani? Kuna mikondo inayojaa upya kila masika, na kuna sehemu ambazo mchanga ukitoka unakutana na mwamba. Wao wanajua tofauti kuliko afisa yeyote.

Pia sikubaliani kwamba kijiji kinatosha. Korongo linapita vijiji vingi, na mwenye leseni ndogo ya uchimbaji atawaonyesha karatasi. Itumieni sheria, hata kama mwanaki hapendi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 30 kujibu maombi yenu. Ombeni nakala ya leseni, mipaka yake na tathmini ya mazingira, na nakala ya barua yenu igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo. Barua isiyo na muhuri haijawahi kupelekwa.

Mkifikia kuandamana, polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Na asitokee mtu wa kutoboa tairi au kumwaga mafuta. Kesi ya kuharibu mali inabadilisha mada nzima: badala ya maji, mkutano unajadili dhamana.

Korongo Kavu

Nashukuru sana wakuu, hii ni darasa. Mawili yamebaki. Mkiamua kwa maafikiano, yaani mpaka wote wakubaliane bila kura, mtu mmoja akikataa inakuwaje? Na fedha, maana hapo ndipo vikundi vyetu vingi hufia.

Mgunga Mweupe

Mtaa wa Kati, kuhusu wapakiaji umenena, nakubali bila masharti. Kuhusu sheria, waanaki wengi wangekuambia itumie kama koleo: ukimaliza kazi unaliweka chini, huliabudu.

Maafikiano kwanza. Kila pendekezo liandikwe kwa sentensi moja kabla ya kujadiliwa, na lisomwe kwa Kigogo pia pale inapobidi. Mtu anaweza kukubali, kukaa kando (sifanyi, ila siwazuii), au kuzuia. Kuzuia kuwe kwa jambo linalovunja kanuni mlizokubaliana mwanzoni, siyo kwa kutolipenda, na anayezuia alete pendekezo mbadala kikao kinachofuata. Likikwama vikao viwili, pigeni kura ya theluthi mbili au tatu kwa nne, mradi kiwango hicho mlikiandika kabla ya ugomvi.

Mfano wa pale linapovunjika: huko New Hampshire, Marekani, muungano wa Clamshell ulipinga kinu cha nyuklia cha Seabrook kwa mtindo huu wa vikundi vidogo. Mei 1977 watu 1,414 walikamatwa kwa kukalia eneo la ujenzi, na vikundi vilidumisha mshikamano hata walipokuwa kizuizini. Mwaka uliofuata kamati ndogo ilikubali pendekezo la serikali la kufanya mkusanyiko halali badala ya kukalia tena, bila kurudi kwenye vikundi kwanza. Muungano ukapasuka. Kinu kimoja kilijengwa na kikaanza kazi 1990, cha pili kilifutwa. Uamuzi wenyewe pengine ulikuwa na busara. Kilichouma ni njia uliyopitia. Kwa hiyo ile kanuni ya mjumbe kurudisha neno kisimani isivunjwe hata siku ya haraka.

Fedha: msiwe nazo nyingi. Kaunta buku, kamba, mpira, nauli za watu watatu, nakala za barua. Michango midogo ya vikundi inatosha. Tumieni sanduku la kufuli tatu kama la VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), funguo kwa vitongoji vitatu, lifunguliwe mkutanoni tu na hesabu isomwe kwa sauti. Mfadhili akija, apewe orodha ya vitu, alete vitu. Akitaka bango lenye jina lake korongoni, mshukuruni aende.

Fundi Pima Maji

Nyongeza ya kingo. Wakati barua zinasubiri siku zake 30, anzeni kisiki hai, yaani kukuza miti upya kutoka kwenye visiki vyake, kwenye ukanda wa mita 60. Kwenye kila kisiki kinachochipua acheni machipukizi mawili hadi matano yaliyonyooka, kateni mengine, pogoeni matawi ya nusu ya chini ya shina, fungeni kitambaa ili mchungaji ajue umeachwa kwa makusudi. Rudini baada ya miezi michache, maana kisiki hakiachi kuchipua. Kosa la kawaida ni kupogoa mno: shina jembamba lenye kilele kizito linainama upepo wa kwanza.

Na Oktoba haiko mbali. Kamba ya fundi ya mita 50 inatosha makorongo mengi ya huko. Pakiwa papana zaidi, pigilieni kigingi cha kati siku ya kupima na mking'oe mkimaliza.