Mrejesho: fimbo za gofu ndefu zilizopeleka mpira kushoto (Lubumbashi)

Wandugu, aksanti sana. Niliuliza kuhusu fimbo za chuma za okazyo (zilizokwisha kutumika), zilizotengenezwa kwa mtu mrefu: mpira ulikuwa unaenda kushoto (napiga kwa mkono wa kuume).

Nilianza na ushauri wa papa aliyesema tupime kabla ya kukata. Utepe chini ya kichwa cha fimbo, mpira juu ya ubao mgumu, piga. Alama zilikaa upande wa kisigino (sehemu ya kichwa iliyo karibu na mpini), maana yake ncha (upande wa pili) inanyanyuka na uso unaopiga mpira unaelekea kushoto. Basi tukapunguza milimita 13 upande wa kishikio, kwa kikatio cha mafundi wa mabomba. Hicho ni cha mipini ya chuma tu. Ya kaboni kinaiponda, tumia msumeno wa meno madogo.

Alama zimehamia katikati, mpira unaenda sawa. Lakini ukifupisha hivyo kichwa kinakuwa chepesi mkononi: ilibidi kubandika gramu 6 hivi za utepe wa risasi (ile metali nzito) nyuma ya kila kichwa. Hilo hakuna aliyelitaja!

Vishikio vipya vilishikwa kwa utepe wa pande mbili uliolowanishwa esanse, yaani petroli (nje, mbali na moto), kisha vikaachwa vikauke usiku kucha.

Kilichokataa ni dreva (fimbo ndefu ya kupiga mbali), ambayo yenyewe inapeleka mpira kuume. Kunenepesha kishikio chake kwa tabaka tatu za utepe hakukusaidia, mpira bado unapinda kuume. Mpini wake unabaki kama ulivyo mpaka nipate wa kujaribu.