MREJESHO: Matone ya maji kwenye mafuta sasa yanakatika

Wakuu habari za jioni, nilikuwa nimeuliza kwa nini kwenye simulesheni yangu ya kinjia chembamba chenye umbo la T maji hayakatiki kuwa matone, yanateleza tu yamegandia ukuta kama uzi mrefu. Yule mkuu aliyesema niangalie pembe ya mguso (pembe ambayo ukingo wa maji unakutana nayo na ukuta; ikiwa kubwa, maji hayashiki ukuta), ubarikiwe sana aisee. Programu yenyewe ilikuwa imeweka digrii 90, nikapandisha hadi 150 ili mafuta ndo yalowanishe ukuta (natumia alizeti, si unajua huku Dodoma ndo kwao, mnato wake ni zaidi ya mara 50 ya maji) basi maji yakaingia, yakaziba njia, presha ya mafuta nyuma ikapanda, shingo ya maji ikaminywa weee mpaka ikakatika, nikapiga kelele rumeti akaamka.

Namba ya kapilari (nguvu ya mnato ukilinganisha na mvutano wa uso kati ya maji na mafuta) iko chini ya 0.01, so ule mlinganyo wa mtafiti Garstecki na wenzake wa 2006 wa urefu wa matone unakubali: urefu wa tone ukigawa kwa upana wa njia unapanda mstari mnyoofu kadiri unavyoongeza maji dhidi ya mafuta. Spidi ikizidi mpaka namba hiyo ikavuka hapo, mlinganyo haukubali tena.

Bado gridi (vile vijisehemu programu inavyovikokotoa) pale shingoni, nikivifanya vidogo zaidi leptopu inachemka balaa. Mwenye ujanja wa hilo aje.