Ushauri: Mdogo wangu anapoteza macho, baba anataka kuuza mikorosho alipie seli shina

Mwana wa Newala
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike ni mwalimu huku Newala. Ilianza kwa kutoona kigiza kikiingia. Sasa hata mchana anagonga watu wanaopita pembeni yake, ila kilicho mbele anakisoma vizuri. Daktari wa macho Dar amesema ni retinitisi pigimentosa, ugonjwa wa kurithi: seli zinazopokea mwanga kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, zinakufa taratibu.

Sasa kuna mtu kampigia baba simu. Anasema nje kuna kliniki wanatoa seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine) kwenye uloto, ile nyama laini ndani ya mifupa, wa mgonjwa mwenyewe, wanazichoma kwa sindano kwenye macho yote mawili siku moja, anarudi anaona. Baba ameshaongea na mnunuzi wa shamba la Kitangari, mikorosho aliyoipanda babu. Mdogo wangu ningemuuzia hata nyumba, ila nataka kujua kama jambo hili ni la kweli. Mbona Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu?

Bahari ya Mikindani
Pole sana mkuu. Mzee asisaini chochote kwanza. Shamba la mikorosho iliyokomaa ukishaliuza, kulipata tena ni kazi.

Muuguzi wa Macho, Lindi
Kaka, pole na jukumu. Selimundu ni ugonjwa wa damu, na damu inatengenezwa kwenye uloto. Ukiweka uloto wa mtu mwingine asiye na ugonjwa huo, damu inabadilika. Retina haitengenezwi na uloto. Tena uloto wa dada yako mwenyewe umebeba hitilafu ileile ya jeni.

Wanasayansi wana tumaini dogo zaidi, lakini la kweli: seli hizo za uloto zikichomwa kwa sindano ndani ya jicho zitoe protini za kuzilinda seli za retina zilizobaki na mishipa yake ya damu, zisiendelee kufa. Kwa panya ilionekana tangu 2004. Kwa binadamu, Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa mwaka 2015 matokeo ya watu 6 tu, na swali kuu lilikuwa kama sindano yenyewe ni salama. Kutoka hapo hadi "anarudi anaona" ni mbali mno.

Kinachonitisha ni hayo macho mawili siku moja. Florida kina mama watatu wazee walichomwa hivyo, seli zao zikiwa zimetolewa kwenye mafuta ya tumbo. Walilipa dola 5,000 kila mmoja, wakapoteza kwa kiasi kikubwa uwezo wa kuona. Jarida kubwa la madaktari la Marekani liliandika habari zao 2017. Mtafiti makini huanza na jicho moja, akingoja kuona litakuwaje. Na utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa pesa ya kujaribiwa.

Mwana wa Newala
Nashukuru dada. Kwa hiyo akae tu angoje giza?

Muuguzi wa Macho, Lindi
Hapana kabisa! Wenye ugonjwa huu hupata pia mtoto wa jicho, na wengine retina inavimba katikati, pale anaposomea. Mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji, uvimbe una dawa. Asikose kliniki. Muulizeni daktari pia kuhusu kipimo cha jeni. Tangu Desemba 2017 Marekani wameidhinisha tiba ya jeni iitwayo Luxturna, kwa wenye hitilafu kwenye jeni ya RPE65 peke yake. Ni ghali kupita kiasi na huenda jeni yake ni nyingine, ila bila kujua jeni hata jaribio halali likifunguliwa hamtajua kama linamhusu.

Mmakua wa Masasi
Mimi ninao ugonjwa huohuo, ndugu yangu. Mwambie mwalimu azungumze na mkuu wa shule sasa hivi, apangiwe vipindi vya mchana kweupe na darasa lenye madirisha makubwa. Na ajifunze fimbo nyeupe wakati bado anaona. Mimi ndiyo inayonifikisha sokoni peke yangu.

Mwana wa Newala
Asanteni sana. Huyo mpiga simu nimemuuliza jaribio lao limesajiliwa wapi na kwa nini tulipe. Amejibu nafasi zinaisha Ijumaa. Baba nimemsomea yote haya, amesema mnunuzi asubiri kwanza.

Muuguzi wa Macho, Lindi
Vizuri. Je, mwalimu ana watoto? Nao waletwe wapimwe macho. Na wewe pia, kaka.