"Clumsy" ilitoka wapi, na kwa nini "uzembe" si tafsiri yake

Mhariri_Kirumba

Wakuu, habari za leo. Kuna mwongozo wa usalama unaotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanaokata minofu ya sangara hapa Mwanza. Sehemu ya barafu na glavu inasema mikono ikipoa sana huwa "clumsy", yaani hukosa wepesi na ustadi, kwa hiyo mtu asiendelee kushika kisu. Rasimu ya kwanza imeandika "mikono iliyopoa husababisha uzembe". Wafanyakazi wameikataa, na wana haki: kazini uzembe ni kosa la nidhamu, mtu anaandikiwa barua ya onyo. Naomba wenye kujua: asili ya neno hili ni nini hasa, linatofautianaje na "awkward" na "klutz", na liandikweje kwa Kiswahili ili mtu wa zamu aelewe akisoma mara moja tu?

Jiwe_la_Bismarck

Mkuu, mwongozo wako umelitumia neno hilo karibu kabisa na lilikozaliwa. "Clumsy" ilianza na baridi, maana ya kukosa ustadi ikaja baadaye.

Kiingereza cha karne za kati kilikuwa na kitenzi "clumsen", yaani kufa ganzi au kukakamaa kwa baridi. Katika shairi la Piers Plowman, la karne ya 14, kitenzi hicho kinakwenda sambamba na neno "cold": unakufa ganzi kwa baridi. Asili yake inahusishwa na lugha za Skandinavia, na lahaja za Kiswidi zina maneno ya jamii hiyo yenye maana ileile ya ganzi. Si ajabu, maana watu kutoka Denmark na Norway walilowea kaskazini na mashariki mwa Uingereza tangu karne ya 9 na kuacha maneno mengi ya kila siku. Hata "knife" ni la kwao.

Umbo "clumsy" lenyewe linaonekana mwishoni mwa karne ya 16. Hapo pana ushahidi mzuri sana. Mnamo 1600 hivi, mwandishi wa tamthilia John Marston aliandika "clumzie winter", akimaanisha majira ya baridi yanayotia ganzi, wala si majira yasiyo na ustadi. Kisha mwandishi mwenzake Ben Jonson, katika tamthilia ya Poetaster ya 1601, akamweka jukwaani mhusika anayemwakilisha Marston, ambaye ananyweshwa dawa na kuanza kutapika maneno yake ya ajabu. "Clumsie" ni mojawapo. Pamoja nalo limo "chilblain'd", linalotaja vidole vilivyovimba na kuwasha kwa baridi. Kwa hiyo neno ambalo leo mtoto wa shule analijua, wakati ule lilichekwa kama neno geni.

Tazama pia tahajia ya Marston, ameandika kwa z. Matamshi ndiyo hayo hadi leo: klamzi, si klamsi, ingawa tunaandika s.

Kutoka mkono usiohisi, maana ikasogea hadi mkono usiolenga, kisha hadi kitu chochote kilichotengenezwa vibaya. Ndiyo maana leo sentensi, kifaa, hata kisingizio huweza kuitwa "clumsy". Katika hatua zote hizo hakuna lawama ya kutojali. Uzembe ni mtu kuweza kufanya jambo na asilijali. "Clumsy" ni kutaka kufanya na mwili usikubali.

Feri_ya_Kamanga

Niongezee "awkward", maana mwongozo wa namna hiyo lazima utakuwa nalo pia. "Awk" linatokana na neno la Kinorsi cha kale (lugha ya Skandinavia ya zamani) "ǫfugr", yaani kilichogeuzwa nyuma. "Ward" ni ileile ya "forward" na "backward". Jumla yake ni kuelekea kusiko. Wanafunzi wanaokosea tahajia wakumbuke kwamba w ya pili inafungua kipande cha pili: awk, halafu ward.

Kwa sababu hiyo "awkward" inaeleza zaidi mkao, hali au mazingira. Kwenye usalama kazini, "awkward posture" ni mkao mbaya wa mwili: mgongo umepinda na kujizungusha, au mkono unafanya kazi ukiwa juu ya bega. Anayeinua kreti la samaki huku kiuno kimejipinda yuko kwenye "awkward posture" hata kama vidole vyake ni vyepesi kabisa. Msiyatafsiri maneno haya mawili kwa neno moja.

Wapo pia ndugu zao kwa maana, waliotokana na mkono. "Gauche" ni kushoto kwa Kifaransa. "Maladroit" imejengwa juu ya "droit", kulia, ikatanguliwa na "mal", vibaya. Upande wa sifa, "dexterity", yaani wepesi wa mikono, inatoka Kilatini "dexter", wa kulia. Kiswahili nacho kina mkono wa kuume na mkono wa kike, kwa hiyo mtazamo huo tunaufahamu. Lakini kwenye mwongozo uacheni: mashoto anakata minofu vizuri, ila mpangeni meza ili ncha ya kisu chake isimwelekee jirani.

Kamusi_Nansio

"Klutz", yaani mtu asiye na wepesi, fupi tu: ni Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, "klots", gogo la mti, jamaa na "Klotz" la Kijerumani. Lilienea Marekani katikati ya karne ya 20. Ni nomino ya kumwita mtu, tena ya mazungumzo. "Butterfingers" ni la mtu anayedondosha vitu; Gervase Markham aliandika mwaka 1615 kwamba mama wa nyumba asiwe "butter-fingered", kwa kuwa wa hivyo huangusha kila kitu. Yote mawili yanambandika mtu tabia, wakati mwongozo unaeleza hali inayokuja na kupita. Hayafai hapo.

Usalama_Ilemela

Nije kwenye mikono yenyewe. Sangara aliyezikwa kwenye barafu iliyosagwa hukaa karibu na nyuzi 0. Ngozi ya kidole ikishuka hadi nyuzi 15 hivi za Selsiasi, wepesi wa vidole hupungua waziwazi. Ikikaribia 8, hisia ya kugusa huanza kupotea. Mishipa ya damu hujibana, neva hupeleka taarifa polepole, ute wa kwenye viungo huwa mzito. Isitoshe, misuli mingi inayokunja vidole iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Mikono ya koti ikilowa, vidole vinadhoofika hata kama glavu ni kavu.

Glavu ya nyuzi za chuma hupitisha baridi haraka, kwa hiyo ndani yake ivaliwe ya kitambaa, na ikilowa ibadilishwe. Kujipima ni rahisi: gusisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Zisipokutana vizuri, acha kisu. Mikono ipashwe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu ngozi yenye ganzi haihisi inapoungua.

Mhariri_Kirumba

Asanteni sana. Nimeandika hivi: "Mikono ikifa ganzi kwa baridi, vidole havitii. Weka kisu chini." "Mkono mzito" nimeliepuka, wengine wataelewa mtu anayepiga kwa nguvu.

Jiwe_la_Bismarck

"Vidole havitii" ni nzuri, iache. Lakini "ikifa ganzi" inachelewa. Kiingereza cha leo kinasema "clumsy" kabla ganzi haijakamilika, na mfanyakazi makini atasubiri ganzi kamili kwa sababu ndivyo ulivyomwandikia. Pia kisu kisiwekwe "chini", kuna atakayekiweka sakafuni penye maji. Jaribu: "Vidole vikianza kukakamaa, au usipouhisi mpini sawasawa, havitakutii. Rudisha kisu kwenye ala, badilisha glavu, pasha mikono na vigasha, kisha jipime kwa kidole gumba kabla ya kurudi mezani."