Tovuti ya duka inasumbua kwenye simu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu,

Nina duka dogo la mafuta ya alizeti na zabibu kavu hapa Dodoma, na tovuti yake ipo kwenye WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Wateja wa Kondoa na Mpwapwa wananiambia wakiifungua kwa simu inazunguka tu, wengine wanakata tamaa. Inaniuma, maana hao ndio niliowatengenezea.

Nimepima kwa PageSpeed Insights, kifaa cha Google cha kupima kasi ya tovuti. Upande wa simu LCP, yaani muda wa kitu kikubwa cha ukurasa kuonekana, ilikuwa sekunde 6.8, na Google wanataka isizidi 2.5. Nimebadili picha zote kuwa WebP (aina ya picha nyepesi), nimefuta plagini tano (programu za nyongeza), nimeweka kashe (nakala ya ukurasa iliyoandaliwa tayari). Ikashuka hadi 5.1, ikagoma hapo. Tena kila nikirudia kupima napata namba nyingine, na kwenye takwimu za watumiaji halisi inasema data haitoshi.

Kwa tovuti yenye wageni wachache hivi, nipime vipi nijue kweli imeboreka? Na kwa kuwa seva iko Ujerumani, nianze na CDN (mtandao wa seva zinazohifadhi nakala za tovuti karibu na wageni) au kwanza nitoe zile picha zinazopishana juu ya ukurasa wa kwanza? Hela inatosha jambo moja tu mwezi huu.

Natanguliza shukrani.